Kila nikimuuliza, anajibu "ndiyo"

Wapendwa wa safu ya ushauri,

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya nje kidogo ya mji wa Moshi. Nina mgonjwa ambaye nimeshindwa kuelewana naye. Ni kijana wa miaka 27, ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa, tena ana kifafa na anatumia fenitoini. Huja na mama yake, wanashuka na hiace kutoka upande wa Kibosho. Mwezi huu wamekuja mara tatu. Mama anasema mwanawe amebadilika: anajipiga shavu la kulia, anasukuma sahani, usiku anapiga kelele, na mara mbili amejichafua nguo wakati siku zote alikuwa anakwenda chooni mwenyewe.

Nikimsalimia "Hujambo?" anasema "Sijambo." Kichwa kinauma? "Ndiyo." Tumbo? "Ndiyo." Mgongo? "Ndiyo." Naishia kumuuliza mama, na mama naye anakisia. Safari ya kwanza aliandikiwa dawa ya kuzuia kuhara. Ya pili, klopromazini ili atulie. Ya tatu tulitaka damu. Alipoona bomba la sindano akapiga meza teke, tukamshika watu wanne, damu hatukupata. Sasa mama anasema akiliona geti letu tu anakaa chini barabarani.

Wanarudi Alhamisi ijayo. Wenzangu wanasema huyo ni wa kupelekwa wodi ya wagonjwa wa akili. Mimi moyo unakataa. Nifanyeje?

Sista, Moshi

*

Sista,

Moyo wako una haki ya kukataa. Mtu anayejipiga shavu lile lile kila siku anaonyesha mahali. Anayesukuma sahani aliyokuwa akiimaliza anasema jambo kuhusu kula. Kijana huyo amekueleza mengi tayari. Kilichopungua ni maswali anayoweza kuyajibu.

Tuanze na "Hujambo". Salamu zetu huja na majibu yake. "Hujambo" inaitikiwa "sijambo" hata na mtu aliyebebwa kwenye machela, na "habari" inaitikiwa "nzuri" kabla mtu hajafikiri habari zenyewe. Kijana wako alifundishwa adabu hiyo tangu mdogo, na huenda ndiyo mazungumzo anayoyamudu kuliko yote. Msalimie, tena msalimie yeye kabla ya mama yake, kwa jina lake, kama unavyomsalimia mwanamume yeyote wa miaka 27. Ila "sijambo" yake isiingie kwenye faili. Ukikuta ukurasa umeandikwa "mgonjwa anasema anaendelea vizuri", jiulize kama aliulizwa swali au alisalimiwa.

"Ndiyo" nayo ina chanzo chake. Watu wengi wenye ulemavu wa akili wamejifunza kwamba ukisema "ndiyo" aliyekuuliza anaridhika na maswali yanakwisha, na ukisema "sijui" unafokewa. Kwa hiyo kabla hujaiamini "ndiyo" yoyote, ijaribu. Muulize swali ambalo jibu lake unalijua ni hapana: "Wewe unaitwa Neema?" Akisema ndiyo, maswali ya ndiyo na hapana yaweke kando kwa siku hiyo, hayatakupa kitu. Akisema hapana huku anacheka, endelea, lakini kila swali la maana ligeuze baadaye. Umeuliza "Tumbo linauma?" Baada ya dakika chache uliza "Tumbo ni zima?" Akiitikia ndiyo kwa yote mawili, yafute yote mawili.

Maswali ya "hiki au kile" yana mtego wa aina nyingine. Wengi hurudia neno walilolisikia mwisho. Ukiuliza "Linauma usiku au mchana?" akajibu "mchana", uliza tena baadaye ukianza na mchana. Nyakati ndizo ngumu zaidi. "Tangu lini?" inadai kuhesabu siku kichwani, na hilo wengi hawaliwezi. Funga swali kwenye jambo analolijua: kabla ya kwenda kanisani au baada ya kurudi, kabla ya uji au baada ya uji, siku ile mama alipokwenda sokoni Mbuyuni.

Kuonyesha kunashinda kusema, lakini kuna maandalizi. Anza kwa kupima kama anazijua sehemu za mwili: "Gusa pua. Gusa sikio. Gusa tumbo." Muombe mama akuambie majina wanayotumia nyumbani, maana nyumba nyingi za huko mlimani hutumia Kichaga, na kijana aliyekulia jikoni kwa mama anaweza kulijua jino kwa Kichaga na asilijue kwa Kiswahili. Yaandike hayo majina kwenye jalada la faili. Kisha sema, "Nionyeshe panapouma," unyamaze. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Hapa ndipo wengi wetu hukosea: akikawia tunabadilisha maneno, "yaani wapi panakusumbua, wapi hujisikii vizuri," na kila sentensi mpya inamrudisha mwanzo wa kufikiri. Ukilazimika kurudia, rudia maneno yale yale. Sentensi moja ibebe jambo moja.

Zile picha za sura zinazocheka na kulia tunazotumia kupima maumivu, zitumie kwa hadhari. Kuna anayechagua sura inayocheka kwa sababu tu ameipenda. Muulize kwanza, "Yupi analia?" Akikosea, ziweke.

Sasa maneno yenyewe ya kazini kwetu. Tumeyazoea mpaka hatuyasikii tena. Tunasema "nakuchoma sindano", na nyumbani kwao kinachochoma ni moto na mwiba. "Nakutoa damu" ni jambo linalotokea mtu akijikata na panga. "Utalazwa" kwake ni kuambiwa alale, naye hana usingizi. "Umepata choo?" Choo anakijua, kiko nyuma ya nyumba, hakijapotea. "Tumbo linaendesha?" Linaendesha nini? Mtu anayeelewa maneno kama yalivyo anaweza kuogopa, au kukujibu vizuri kabisa swali ambalo hukuliuliza. Sema "Nitaweka sindano hapa," ukigusa mahali. Sema "Utalala hapa hospitali leo, mama atakaa na wewe," kama kweli atakaa. Kuhusu choo, tumia neno la nyumbani kwao hata kama wewe unalionea haya. Na usiseme "haiumi". Itauma, naye hatakuamini tena. "Itauma kidogo, tutahesabu mpaka tano, itakwisha" ni ahadi unayoweza kuitimiza, mradi bomba na vichupa viwe tayari mezani kabla.

Yawezekana pia hasikii vizuri. Matatizo ya kusikia ni mengi zaidi kwa watu wenye ulemavu wa akili, na nta iliyojaa sikioni inatosha kumfanya mtu aonekane mkaidi. Kaa mbele yake, macho yenu yalingane, mdomo wako uonekane. Ukiwa nyuma ya barakoa, karibu na jenereta, unaongea na ukuta.

Tuje kwenye dalili. Ugonjwa hatuwezi kuutaja kwa barua, lakini kuna mambo mawili ambayo tungemsihi tabibu ayaangalie Alhamisi kabla ya jambo lingine lolote.

La kwanza ni kinywa na sikio la kulia. Fenitoini hukuza ufizi kwa baadhi ya watumiaji. Ufizi ukipanda juu ya meno, uchafu hujificha chini yake, na meno huoza bila mtu kuona. Mtu mwenye jino bovu husukuma sahani ingawa ana njaa, na usiku akilala maumivu humzidi. Tochi na kijiti cha kukandamiza ulimi vinatosha kuanzia. Muulize mama kama anatafuna upande mmoja, kama anakubali mtori na kukataa nyama, kama maji baridi yanamfanya aruke. Kama hakuna wa kumtazama sikio kituoni kwenu, hiyo ni sababu halali ya rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC, ambako kuna idara ya masikio, pua na koo na kliniki ya meno. Andika kwenye rufaa: "maumivu yanayoshukiwa, shavu la kulia". Ukiandika "vurugu" ndiko atakakopelekwa, kwa wanaoshughulikia vurugu.

La pili ni choo. Mliandika kuhara. Uliza upya: kabla ya kujichafua, alikaa siku ngapi bila kujisaidia haja kubwa? Kinyesi kigumu kikijaa kwenye utumbo mpana, kile cha majimaji hupenya pembeni na kuvuja bila mwenyewe kujua. Kwa macho ni kuhara, kumbe ni kufunga choo kwa hali mbaya, na dawa ya kuzuia kuhara inazidi kuziba. Klopromazini nayo hufunga choo, na juu ya hapo inaweza kurahisisha degedege kwa mwenye kifafa. Mama asiikatishe mwenyewe, wala fenitoini isiguswe, kwani kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo. Lakini tabibu lazima ajue kwamba dawa hizo zimekutana ndani ya mtu mmoja. Na kwa kuwa anakataa chakula, uliza kama vidonge vyenyewe anavimeza au anavitema.

Huu muda uliobaki mpe mama kazi. Daftari la shule, ukurasa mmoja kwa siku: alikula nini na kiasi gani, alilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, alijipiga wakati gani na nini kilitangulia, alikwenda chooni au la. Kinyesi akieleze kwa mifano anayoijua: vigololo vikavu kama vya mbuzi, kirefu kilicholainika, au uji. Chini ya mara tatu kwa wiki, au vigololo vya mbuzi siku zote, ni kufunga choo. Mama asiyeandika atie alama: duara akijipiga, mstari akienda chooni. Kujipiga kukiwa dakika chache baada ya kila mlo, utakuwa umepata jibu ambalo kijana asingeweza kulitamka.

Muulize mama vilevile swali ambalo hukulitaja kwenye barua: akiwa mzima yukoje? Anaimba? Anachota maji? Anampokea mgeni getini? Bila kuijua hali yake ya kawaida huwezi kuona kilichobadilika. Kuna kipimo kiitwacho FLACC, kilichotengenezwa kwa watoto wadogo na baadaye kikarekebishwa kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Kinaangalia mambo matano: uso, miguu, mwili, kilio na kutulizika, kila moja alama 0 hadi 2, jumla 10. Hakikuundwa kwa mtu wa miaka 27, kwa hiyo namba yake usiichukulie kama kipimo kamili, lakini yale mambo matano yanakuongoza nini cha kutazama. Mama akuambie kila moja huonekanaje kwa mwanawe akiumwa. Wengine hunyamaza kabisa. Wengine hucheka.

Ila kumuuliza mama kusije kukawa kumruka kijana. Uliza kijana kwanza, ngoja zile sekunde kumi, kisha mgeukie mama mbele yake: "Mama, wewe unaonaje?" Halafu rudi kwake. Mama anaijua tabia yake. Maumivu anayajua mwenyewe.

Kuhusu damu, kabla hujapanga chochote muulize tabibu: kipimo hiki kitabadilisha nini? Kama ni malaria, kipimo cha haraka kinataka tone la kidoleni. Kama kuna vipimo vitatu, vichukuliwe kwa sindano moja siku moja. Ikionekana damu ya mshipa ni lazima na hali yake inaruhusu kungoja, igawanye kazi ya kumzoesha kwenye safari tatu, damu ikiwa ya mwisho.

Geti ndilo tatizo la kwanza, na geti haliondolewi kwa maneno. Alhamisi mpange saa nane mchana foleni ikiwa imepungua, au awe wa kwanza kabisa saa moja na nusu asubuhi. Chukua namba ya simu ya mama, wakae nje chini ya mti mpaka umwite. Mfuate hapo hapo nje, bila glavu, bila trei. Akiingia mpaka kwenye benchi akakaa dakika tano na asifanyiwe kitu cha kuumiza, hiyo ni kazi kubwa imefanyika. Kinywa na sikio unaweza kuangalia hata pale kwenye benchi: mpe tochi aishike, amulike kinywa chako, halafu cha mama, kisha wewe umulike chake. Akikataa, acha, ujaribu tena baada ya muda.

Safari ya pili ni ya kiti na mpira wa kufungia mkono. Mfunge mama kwanza. Kisha yeye, juu ya shati, sekunde kumi, fungua. Pamba yenye spiriti aionje kwa ngozi, ajue ubaridi wake. Mpe alama ya kusema "acha": kuinua mkono mwingine. Akiinua, unaacha, hata kama alikuwa anakujaribu tu. Hasa kama alikuwa anakujaribu.

Safari ya tatu ni ya damu. Aongee mtu mmoja tu. Wengine watoke, mama abaki pembeni yake, mkono begani. Awe amekunywa maji, na kitambaa cha uvuguvugu kiwe kimekaa juu ya mshipa dakika chache. Krimu ya ganzi ikipatikana hupakwa saa moja kabla. Tumia sindano nyembamba yenye mabawa na mrija kama ipo, maana mkono ukitikisika kidogo haichomoki upesi. Mpira usizidi dakika moja. Sema "kwanza pamba, halafu sindano, halafu nyumbani," na baada ya sindano iwe nyumbani kweli. Asiambiwe "ngoja kidogo, kuna kingine". Ukikosa mara mbili, simama hapo. Mara ya tatu utakuwa unajenga geti upya.

Ya kushikwa na watu wanne, tuseme waziwazi: isirudiwe kwa ajili ya kipimo kinachoweza kungoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unawataka watoa huduma za afya wafanye kazi kwa ridhaa ya hiari ya mtu aliyeelezwa, na nchi ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Sahihi ya mama haifuti mkono ulioinuliwa. Eleza kwa lugha anayoiweza, mwonyeshe vifaa, muulize akuonyeshe kitakachofanyika. Anaweza kuwa hawezi kuamua kuhusu upasuaji na akaweza kabisa kuamua mkono upi utolewe damu.

Lakini Alhamisi ikikuta tumbo limevimba na anatapika, homa na shingo ngumu, usingizi usioamshika, au amejipiga mpaka kuumia kichwa, hakuna safari tatu. Ni rufaa ya dharura siku hiyo hiyo. Degedege inayofika dakika 5, au inayorudi kabla hajazinduka, nayo ni dharura. Mama ajue hilo akiwa bado nyumbani.

Wenzako wanaosema wodi ya wagonjwa wa akili wanachanganya mambo mawili. Ulemavu wa akili upo tangu utotoni, unahusu kuelewa na kujifunza. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata yeyote, naye pia. Lakini mtu aliyebadilika ghafla ndani ya mwezi mmoja hajabadilishwa na ulemavu aliozaliwa nao miaka 27 iliyopita. Kitu kipya kimeingia, na mwili ndio unaochunguzwa kwanza. Na neno "taahira" likisikika kwenye chumba cha zamu, likatae pale pale. Anayeitwa hivyo mezani ndiye anayeshikwa na watu wanne chumbani.

Mwisho, usiyabebe haya kichwani peke yako, kwa sababu Alhamisi unaweza kuwa zamu ya usiku. Karatasi moja ngumu, igundishwe ndani ya jalada la faili, nakala aende nayo mama kwenye mfuko wa kadi ya kliniki: jina analopenda kuitwa, maneno ya Kichaga ya kichwa, sikio, jino, tumbo na choo, "ndiyo" yake haiaminiki, mwambie aonyeshe, akiumwa hujipiga shavu na kusukuma sahani, anaogopa trei na watu wengi, anatulia akishika tochi, mkono juu maana yake acha, fenitoini, kipimo na saa zake. Mjaze ninyi watatu, kijana akiwa amekaa hapo hapo, na swali la tochi mwachie alijibu mwenyewe.